Gaju Asiyetoa Mji

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Gaju alikaa na bibi yake kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba yao huko Mururu, wakichambua nyanya. Bibi huyo aliitwa Nzigire, lakini nyumbani wote walimwita Koko. Nyanya ngumu ziliingia kwenye beseni kubwa la kupelekwa Bukavu, ng'ambo ya mto. Zilizolainika zilibaki kwa ajili ya mchuzi. Mikono ilifanya kazi yake na midomo ikafanya yake, kwa sababu Koko hakuweza kuchambua nyanya bila kutega vitendawili.

"Kitendawili," alisema asubuhi ile.

"Tega," Gaju akajibu.

"Mama amekaa tu nyumbani. Mtoto wake anatoka kila siku, anakwenda, na hakuna muntu amewahi kumwona akirudi."

Gaju hakungoja hata kupumua. Alisema ni jiko na moshi. Koko akamjibu kwamba siku nyingine makaa yanakosekana, basi moshi utatoka wapi? Gaju akasema ni kuku na yai. Halafu akasema ni mti na jani, na alipoona Koko anatikisa kichwa tena, akaanza kutaja kila kitu alichokiona pale uani: ndoo, mwiko, kamba ya nguo, hata kandambili za babu wa jirani.

Kila anayecheza vitendawili anajua la kufanya akishindwa. Anampa mtegaji mji. Mtegaji anaupokea, anasafiri huko kwa maneno yake, na akirudi kutoka safarini anafungua jibu. Hakuna aibu ndani yake. Lakini Gaju, tangu ajue kuongea, hakuwahi kutoa mji hata mmoja.

"Unanichosha, Gaju," Koko alisema. "Nipe mji, hata Gitambi, nikuambie jibu, tuendelee na kazi."

"Sijashindwa, Koko. Nitalipata tu."

Koko aliguna, na kwa kuudhika akaitupa nyanya nzuri kwenye rundo la zilizolainika. Ikabidi ainame aitafute tena.

Siku hiyo Gaju alikuwa na haraka. Shule yao ya Kamembe ilikuwa ikipokea wageni, wanafunzi kutoka Bugarama, na yeye ndiye aliyechaguliwa kuwaongoza kwa miguu kushuka mpaka panapoonekana daraja la mto Rusizi, ili walipige picha. Wageni walikuwa wamechora ukutani mwa darasa lao ramani kubwa ya wilaya nzima. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamebandikiwa picha, na mashamba ya chai pia. Penye daraja palibaki mraba mtupu. Walikuwa wamesubiri gari tangu muhula uliopita, na lisingepatikana tena mwaka huo. Picha ingepatikana leo, au mraba ungebaki vile vile.

"Nalipita daraja lile karibu kila siku," Koko alisema akimfunga Gaju kola ya shati. "Kuna kitu unataka kuniuliza, uwaambie bageni bako?"

"Koko, daraja nalijua. Si tulivuka wote juzi?"

Wageni waliposhuka garini, mwalimu wao, Mwalimu Protais, alimpa simu yake mvulana mmoja mwembamba aitwaye Izabayo, kwa kuwa mikono yake haitetemeki. Alimwambia aitunze kama jicho lake, maana hawakuja na kamera nyingine. Safari ikaanza, Gaju mbele, wageni nyuma yake, barabara ikiteremka na ziwa Kivu likitokeza na kujificha kati ya migomba.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri sana. Gaju aliwaonyesha mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, akawaeleza kwamba wavuvi huning'iniza wavu katikati yake kuvua sambaza, vidagaa vya ziwa hilo. Hilo alilijua, na alilieleza vizuri mpaka Mwalimu Protais akampongeza.

Shida ilikuwa Izabayo. Mvulana yule aliuliza kila kitu. Aliuliza kwa nini bati la nyumba ile ni jekundu, kwa nini upepo wa hapa ni baridi, na ni nani anayefagia barabara. Walipofika penye nyumba ndefu ya zamani yenye madirisha mengi, akauliza ni ya nani.

Gaju hakujua. Alikuwa ameipita mara nyingi bila hata kuitazama. Lakini wageni wote walikuwa wamesimama wakimwangalia yeye, kiongozi wao.

"Ya chifu wa zamani," akasema.

"Chifu gani?"

"Wa zamani sana. Twendeni."

Wakaenda. Kwenye kona ambapo ziwa lote huonekana, na ncha yake inajikunja kuwa mto, Izabayo alisimama tena. Wenzake nyuma wakagongana.

"Mto huu unaingia ziwani, au unatoka?"

Gaju alivuta pumzi. Mito yote aliyoijua iliingia ziwani. "Unaingia," akasema.

Izabayo akakunja uso. "Lakini Rusizi unapita kwetu Bugarama, na wazee wanasema maji yake yanashuka kutoka huku juu. Kama huku unaingia ziwani, kwetu unatoka wapi?"

"Huo wa kwenu ni mwingine," Gaju alisema. "Umepewa tu jina lile lile."

Msichana mmoja wa Bugarama akacheka, akasema kumbe mito nayo ina majina ya ukoo. Wengine wakacheka pia. Gaju hakucheka. Alihisi masikio yanamchoma, na akamchukia kidogo Izabayo, aliyebaki nyuma akiutazama mto kama mtu anayepiga hesabu.

Hapo kandambili ya mtoto mmoja ikakatika. Mwalimu Protais akainama kuifunga kwa kipande cha kamba, akamwambia Gaju atangulie na wenzake taratibu. Gaju hakwenda taratibu. Alitaka kumaliza kazi hii kabla ya swali jingine. Akawapeleka chini, chini kabisa, mpaka karibu na forodha, penye msururu wa akina mama wenye mabeseni kichwani na vijana wanaosukuma mikokoteni. Daraja lilikuwa mbele yao, karibu kiasi cha kusikia viatu vya watu juu yake.

Izabayo alitoa simu, akaikunjua kutoka kwenye leso aliyoifungia. Kisha, kama kawaida yake, akauliza.

"Hapa panaruhusiwa kupiga picha?"

Gaju alichoka. Alichoka na mvulana huyu, na mdomo wake, na vidole vyake vinavyonyooka kila upande. "Panaruhusiwa," alisema. "Hapa ni kwetu. Piga, twende zetu."

Izabayo akapiga picha moja, akapiga ya pili. Ya tatu hakuimaliza, kwa sababu firimbi ililia. Askari wa mpakani alikuja kwa hatua ndefu, akanyoosha mkono, na simu ya Mwalimu Protais ikaingia kwenye kiganja chake.

"Nani amekupa ruhusa ya kupiga picha ya mpaka?" aliuliza.

Izabayo alimtazama Gaju mara moja tu, kisha akatazama chini. Wakati huo Mwalimu Protais alifika akihema, jasho likimtiririka, na alipoona simu yake mikononi mwa askari, akashika kiuno. Alimwuliza Izabayo kama ana masikio. Alimwuliza kama aliambiwa apige picha kila kitu anachokiona njiani. Akasema wametoka Bugarama kwa ajili ya picha moja, na sasa watarudi bila picha na pengine bila simu.

"Ni mimi nimepiga, Mwalimu," Izabayo alisema.

Hata sasa alimkera Gaju, safari hii kwa kunyamaza. Kinywa kile kilichouliza habari za bati na upepo, leo kimeshindwa kusema, "Gaju ndiye aliyeniambia"? Angesema, Gaju angebisha, na mambo yangeishia huko. Lakini hakusema. Alisimama pale, leso tupu mkononi, akilipishwa kosa la mwingine. Gaju akaona kwamba akinyamaza hata kidogo zaidi, kosa lile litakuwa la Izabayo moja kwa moja.

"Afande," akasema, na sauti ikatoka nyembamba. "Aliniuliza mimi kama panaruhusiwa. Mimi nikasema ndiyo."

"Nani alikuambia panaruhusiwa?"

"Hakuna. Sikujua. Nilisema tu."

Askari alimtazama, akaitazama ile sare ya shule, akapumua kama mtu aliyeyasikia haya mara nyingi. Aliwaonyesha nyumba ndogo iliyokuwa hatua chache kutoka pale, mlango wake ukiwa wazi.

"Ile ni ofisi," alisema. "Tunakaa humo kutwa. Kuuliza hakuna foleni. Mngeingia, mngeniuliza, ningewaambia, na sasa hivi mngekuwa mmeshamaliza."

Akafuta picha zile mwenyewe, akamrudishia Mwalimu Protais simu yake. Wageni walitazamana. Msichana yule aliyecheka habari za mito hakucheka tena. Alikuwa anauma mdomo asilie.

Gaju alitaka barabara immeze. Badala yake akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Afande, mimi sijui. Kuna mahali tunaweza kupigia picha, ionekane hata kidogo?"

"Sasa umeuliza," askari alisema. Akawaambia warudi juu, kwenye ile kona ya ziwa. Ziwa na milima havina kizuizi, na daraja likionekana kwa mbali huko chini, hakuna atakayewasumbua.

Wakapanda. Kupanda si kushuka, na jua lilikuwa limekaza. Watoto walinung'unika njia nzima, na Mwalimu Protais, aliyekuwa na unene wake, alinung'unika kuwashinda wote. Walipofika kwenye kona Gaju alisimama, akageuka.

"Ile nyumba ndefu nilisema ni ya chifu," aliwaambia. "Sijui ni ya nani. Nilitunga." Kisha akasema lile lingine, kwa sauti ya chini zaidi. "Na mto pia. Sijui kama unaingia au unatoka."

Izabayo hakumcheka. Alikuwa ameshafika ukingoni, amenyoosha kidole. "Mimi nadhani unatoka," alisema. "Tazama, ziwa liko juu, na kwetu ni chini. Maji hayapandi mlima."

Mwalimu Protais, aliyekuwa ameketi juu ya jiwe akijipepea kwa kofia, akathibitisha kwamba ni kweli, Rusizi hutoka ziwani ukashuka mpaka kwao Bugarama, na ni ule ule mmoja. Akaongeza kwamba angesikia mapema upuuzi wa mto mwingine, angeshausahihisha zamani. Kisha Izabayo akashika simu kwa mikono yake isiyotetemeka, akapiga picha. Ilikuwa na ziwa lote, na mto ukichomoka pembeni mwake, na daraja dogo limelala juu yake kama kijiti. Watoto waliizunguka simu, wakasukumana. Msichana yule akasema hii ni bora, kwa sababu inaonyesha na njia ya maji mpaka kwao.

Kabla ya kupanda gari, Mwalimu Protais alimwambia Gaju kwamba amemtoa jasho la wiki nzima. Lakini wakija tena, alisema, wangemtaka yeye yule yule, mradi amwache nyumbani yule chifu wake.

Jioni Koko alikuwa kwenye ngazi ile ile, beseni tupu ubavuni, akikanda miguu yake. Gaju alikaa karibu naye.

"Koko, jibu la kitendawili cha asubuhi ni ziwa na mto."

Koko alimtazama kwa jicho moja. "Umelipata mwenyewe?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. "Hapana," Gaju alisema. "Ni Izabayo, mvulana wa Bugarama, aliyenionyesha kwamba mto unatoka ziwani." Na akaeleza yote, firimbi, simu, na kupanda kule juani.

Koko alipiga kofi gotini. "Mimi napita pale na nyanya zangu, na najua hakupigwi picha, na tunalala nyumba moja wewe na mimi. Ungeniuliza tu."

"Ndiyo, Koko."

Midomo ya bibi ikaanza kuwasha, kama siku zote. "Kitendawili."

"Tega."

"Watoto wangu wakiwa wadogo huvaa kijani na kusimama wima. Wakikua huvaa dhahabu, wakainamisha vichwa."

Gaju alifungua mdomo kutaja mgomba. Akaufunga. Alifikiri kweli kweli, mpaka giza likaanza kuingia uani. Mwishowe akasema, "Nimeshindwa, Koko. Nakupa mji. Chukua Bugarama."

Koko aliinua mikono kama aliyepokea ng'ombe. "Bugarama nimefika," akasema. "Joto lao, mama yangu, limeniyeyusha. Wamenikaribisha, wamenipa kiti, wamenipa wali. Nikawauliza wali huu umetoka wapi, wakanipeleka shambani, nikawakuta watoto wangu wamesimama huko, wamevaa dhahabu, vichwa vimeinama. Jibu ni mpunga, Gaju. Umenipa mji wenye jibu ndani yake."

Gaju alicheka mpaka akashika tumbo. Koko alimngoja amalize, kisha akamshika mkono.

"Sikia, mutoto wangu. Kutojua si kosa. Hata mimi na uzee wangu, mengi siyajui. Kosa ni kusema unajua, kwa sababu anayekuamini ndiye anayepigiwa firimbi. Leo umesema sijui mara ngapi?"

"Mara nyingi," Gaju alisema.

"Na umekufa?"

"Hapana."

"Basi nyanyuka, ulete beseni. Nyanya za kesho hazitajichambua zenyewe."