Kilio cha Akiba

Zlatina, jirani yangu wa ghorofa ya tatu hapa mjini Plovdiv, hajui kudanganya. Kazi hiyo aliniachia mimi. Hili lilimpata mchana kweupe, mwezi wa Machi, akiwa amekula nusu ya banitsa yake, ile keki ya matabaka ya unga na jibini, na nusu ameiacha kwenye meza ya Krum, fundi wa sauti.

Kazi ya Zlatina ilikuwa kumsemea Pufko, mwanasesere wa manyoya, katika katuni ya kompyuta ya kuchekesha watoto. Katuni ilitengenezwa ili wanasesere wauzike. Hawakuuzika. Ikakatwa kwenye kipindi cha nane, Pufko akiwa amefungiwa ndani ya boksi lake. Cha tisa, cha kumtoa, hakikutengenezwa kamwe.

Siku hiyo walikuwa wanamalizia hicho cha nane. Kama ilivyo desturi ya kazi yao, juma lililotangulia Zlatina alirekodi vilio vya akiba, "Nitoeni!" arobaini, Krum achague mwenyewe.

"Leo unalia mara moja tu, dada, unakwenda zako."

"Na banitsa yangu usiiguse."

"Mimi? Daktari amenikataza jibini."

"Hata jana alikuwa amekukataza."

Akaingia kwenye kibanda cha kurekodia. Hakina dirisha. Kuta zote sponji, mlango mzito kama wa jokofu la bucha. Feni huzimwa, maana kinasa sauti husikia hata unyoya ukianguka. Koti lake, lenye dawa ya pumu mfukoni, lilibaki nje.

Skrini ikawaka. Boksi la Pufko lilikuwa tupu.

Kisha Pufko mwenyewe akaonekana, ameegemea mlango. Mlango wa kibanda hiki hiki.

Zlatina akashika kitasa. Hakikugeuka.

"Nitoeni!"

Sauti ya Krum ikamjia kwenye vipokea sauti vya masikioni, imetulia. "Aisee, hiki cha akiba kizuri. Sikumbuki kama tulikirekodi."

"Nitoeni! Nitoeni!"

"Na hiki pia."

Kifua kikaanza kupiga filimbi. Kwenye skrini, mdomo wa Pufko ulikwenda sambamba na wake. Aliponyamaza, ukafumba.

Ndipo akaelewa. Kule nje, kwa Krum, yeye alikuwa kilio cha akiba tu. Angefia humu, huku Krum akichagua.

Pumzi zilibaki mbili. Akazitumia zote.

"Krum, mwizi wa banitsa wewe. Mdomo umekujaa."

Katika vile arobaini, hicho hakikuwemo. Mlango ukafunguliwa kwa kidole kimoja.

"Mbona kitasa kizima?" Krum akauliza, makombo kidevuni.

Alipokwisha kuvuta dawa, Zlatina akatazama mkono wake. Martenitsa, ule uzi mwekundu na mweupe wa kuombea afya aliofungwa na binti yake tarehe mosi Machi, mafundo matatu, haupo. Walipekua kibanda hadi chini ya zulia.

Nje, kwenye rafu ya Krum, alikaa Pufko wa mfano, ndani ya boksi la kiwandani, gundi haijaguswa. Mkononi mwake, uzi. Mafundo matatu.

Boksi ninalo mimi, kwa kuwa jengo letu zima lilikosa mwanamume mwenye ujasiri wa kulipokea. Kila asubuhi naifuta ile plastiki ya mbele kwa kitambaa kikavu.

Haisaidii. Mvuke uko upande wa ndani.