Siku Sita Bila Vidonge

Kila asubuhi saa moja Hinke alisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa. Alikuwa ni mwanawe Wessel, ametoka kukamua ng'ombe, amekuja kunywa kahawa kwa mama yake. Alivua mabuti, akakaa, akanyoosha miguu.

"Mama, kahawa hii umeipika kwa maji ya mtaro?"

"Kanywe kwako basi."

Walitaniana hivyo kila siku. Lakini tangu Oktoba Hinke alikuwa akisikiliza kitu kingine. Alisikiliza jinsi Wessel anavyopumua.

Mwezi ule Wessel, mtu wa miaka arobaini na sita, alianguka zizini huku ameshika kifua. Mshipa mmoja unaopeleka damu kwenye moyo ulikuwa umeziba. Hospitalini waliuzibua, wakaweka stenti ndani yake. Stenti ni kibomba kidogo cha waya, mfano wa springi ya kalamu. Kazi yake ni kuushikilia mshipa ubaki wazi. Wessel alirudi nyumbani na aina mbili za vidonge vya kuzuia damu isigande. Aliambiwa ameze zote mbili kila siku, mwaka mzima.

Vidonge alivitia kwenye kikasha chenye vyumba saba, chumba kwa kila siku. Kikasha kilikaa juu ya kabati la Hinke, karibu na kahawa.

"Usinihesabie, Mama," alisema Wessel. "Mimi si ndama."

Hinke akaahidi.

Februari, siku ya Jumapili, redio ilitangaza baridi kali. Kwa miaka sita mkoa wao wa Frisia, kaskazini mwa Uholanzi, haukuwa umepata barafu ya kubeba mtu. Sasa maziwa yaliganda, na mifereji ikaganda. Kila asubuhi wazee walitoboa barafu na kuipima kwa rula. Ijumaa walipata sentimita kumi na tano. Ikatangazwa kwamba kesho yake kutakuwa na mzunguko wa vijiji tisa, safari ya kuteleza juu ya mifereji iliyoganda. Kila mtu akaanza kunoa vyuma vya viatu vyake vya kutelezea. Baba yake Wessel aliwahi kuumaliza. Babu yake pia.

Jumamosi Wessel aliondoka mapema, kadi ya kugongewa muhuri kila kijiji ikining'inia shingoni. Hinke akabaki anafuta kabati. Aliinua kikasha. Kikalia chakacha, kama kilichojaa.

Alisimama nacho mkononi. Halafu akafungua. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Vidonge vyote vilikuwamo.

Akapiga simu. Wessel alipokea huku anahema.

"Wessel, vidonge vya wiki nzima vimo humu."

Upepo ukavuma kwenye simu.

"Uliahidi hutahesabu."

"Nimevunja ahadi. Mbona hukumeza?"

"Mama, nikianguka kwenye barafu na dawa zile mwilini, nitavuja kama ndoo iliyotoboka. Mwenzangu Oene naye kaacha zake, na anatupita sote hapa barafuni."

"Oene ana stenti?"

"Sijui Oene ana nini. Ana vidonge."

"Ulimuuliza Daktari Afke?"

"Angekataa. Jumatatu naanza tena. Nimeshagongewa muhuri kijiji cha tatu, Mama, usiniharibie siku."

Akakata.

Daktari Afke alikaa ng'ambo ya mfereji. Alikuwa daktari wa moyo katika hospitali ya mjini. Kijijini alijulikana zaidi kwa sababu hajui kuteleza. Hinke alimkuta akimwaga mchanga kwenye ngazi ili asianguke.

"Afke, Wessel ameacha vidonge. Siku sita."

Afke aliweka ndoo chini. "Aina zote mbili?"

"Zote mbili."

"Yuko wapi?"

"Kwenye barafu. Amepita kijiji cha tatu."

Afke hakurudi ndani kuchukua hata kofia. "Ingia garini," alisema.

Walikwenda kwa barabara ya juu ya tuta. Hinke alipiga simu tena na tena. Wessel hakupokea.

"Nieleze," Hinke alisema. "Mimi niliishia shule ya msingi."

"Stenti ni chuma," Afke alisema. "Damu ikigusa chuma, hukiona ni kigeni, inataka kukigandia. Polepole mwili huota ngozi nyembamba juu ya ule waya, na damu haiugusi tena. Inachukua miezi. Mpaka hapo, vidonge ndivyo vinavyolinda njia."

"Na asipomeza?"

"Damu inaweza kugandia ndani ya stenti. Ghafla. Njia yote inafungwa."

Hinke alishika mkanda wa kiti. "Una hakika?"

"Hii ndiyo kazi yangu kwa miaka ishirini na saba. Kila niliyemwekea stenti nampigia simu kila mwaka. Namuuliza anaendeleaje, anameza nini, aliacha lini. Naandika. Tumejaribu stenti nene, nyembamba, zilizopakwa dawa. Za leo ni bora kuliko za zamani. Lakini wanaoacha vidonge mapema bado wananirudia wakiwa na hali mbaya." Akapunguza mwendo kwenye kona. "Nilianza kuandika kwa sababu ya mpeleka barua mmoja. Stenti yake ilikaa vizuri kabisa. Akaenda kung'oa jino, akaacha vidonge, hakuniuliza. Wiki iliyofuata niliongea na mjane wake."

Hinke akampigia Wessel tena.

Kwenye kijiji cha nne kulikuwa na meza ya mihuri na sufuria kubwa la supu ya njegere. Mwanamke wa mihuri aliwatazama.

"Wessel? Bado hajafika. Oene kapita zamani, kanywa bakuli mbili."

Pembeni kulikuwa na kiti cha mbao, kile ambacho watoto hukisukuma wanapojifunza kuteleza. Hinke alikikamata, akashuka nacho kwenye barafu. Alikuwa na miaka sabini na mbili, na hakuanguka. Afke alimfuata kwa hatua fupi fupi, mkono mmoja umeshika kiti. Watelezaji waliwapita kwa kasi. Kila mwanamume mwenye koti la buluu kama la Wessel, Hinke alimtazama usoni. Hakuwa yeye.

Walimkuta chini ya daraja, amekaa kwenye matete. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Jasho lilimtoka, katika baridi ile.

"Napumzika tu," alisema. "Taya linauma. Labda ni jino."

"Si jino," Afke alisema. Alikuwa tayari amepiga namba ya dharura, mia moja na kumi na mbili. "Mwanamume, miaka arobaini na sita. Ana stenti ya miezi minne, ameacha vidonge siku sita. Taya linauma, jasho baridi. Tuko chini ya daraja, kati ya kijiji cha tatu na cha nne." Akamgeukia Wessel. "Usisimame. Usitembee hata hatua moja."

Walimkalisha kwenye kiti. Hinke alisukuma mpaka mahali barabara inapokutana na maji.

"Unanisukuma kama mtoto wa miaka minne," Wessel alinong'ona.

"Wakati ule ulikuwa mwepesi. Nyamaza."

Akanyamaza kweli, na hilo lilimtisha Hinke kuliko yote. Aliendelea kuita jina lake mpaka gari la wagonjwa liliposimama juu ya tuta.

Hospitalini, Afke hakuwa zamuni. Alikaa na Hinke kwenye benchi, viatu vyao vikitoa maji. Ndani, wenzake walipitisha mrija mwembamba kwenye kifundo cha mkono wa Wessel mpaka moyoni. Walitoa damu iliyoganda, wakafungua njia. Daktari alipotoka, akamwendea Hinke.

"Sehemu ndogo ya moyo imeumia," alisema daktari. "Kubwa imesalimika. Nusu saa zaidi, nisingekwambia hivi."

Kesho yake Afke alikaa kando ya kitanda.

"Ukianguka ukachubuka, nakufunga bandeji," alisema. "Damu ya gotini naiona. Inayoganda moyoni siioni. Ukiwa na hofu na dawa, ukitaka kung'oa jino, ukitaka kufanyiwa upasuaji, nipigie kwanza. Usiache mwenyewe, hata siku moja."

"Ningekuuliza ungenikatalia barafu."

"Ningekwambia uvae kofia ngumu, uende taratibu, na umeze vidonge. Hukuniuliza."

Wessel akamgeukia mama yake. "Na Oene?"

"Nimemuuliza Oene," alisema Hinke. "Vidonge alivyoacha ni vya kiungulia."

Wessel aliruhusiwa kurudi nyumbani Alhamisi. Barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka. Ijumaa saa moja mlango wa nyuma ulifunguliwa. Hakwenda zizini siku zile, jirani alimkamulia, lakini kahawa alikuja kunywa.

Alivua mabuti, akashusha kikasha kutoka kabatini. Akafungua chumba cha Ijumaa, akameza vidonge mbele ya mama yake. Kisha akakisukuma kikasha mezani, vyumba vyote wazi.

"Hesabu, Mama," alisema.

Hinke akavaa miwani, akahesabu.