Aliyesukuma Toroli ya Vioo

"Nani anasukuma huko nyuma?" Edith aliuliza gizani.

Edith ni rafiki yangu, tunakaa wote Mazwi. Kiwandani kwao, kule Pito, anaongoza kigari cha betri kinachovuta toroli zenye vioo vizito. Zamani toroli hizo zilisukumwa na watu, mpaka moja ikarudi nyuma kwenye mteremko ikamuua msukumaji mmoja, Nestory. Ndipo wakubwa wakakumbuka kununua mashine!

Mchana mmoja umeme ulikatika Edith akiwa katikati ya mteremko huohuo, ndani ya ghala lisilo na dirisha. Giza totoro. Akaachia mpini, maana ukiuachia kigari husimama. Kikasimama kweli. Halafu kikaanza kupanda taratibu, kikisukumwa na toroli. Vioo vikawa vinagongana, na nyuma yake mtu anahema kama aliyebeba gunia la mahindi.

Taa ziliporudi hapakuwa na mtu. Kioo cha mwisho kilikuwa na alama za viganja viwili, bado zina mvuke.

"Futa, dada, mteja anasubiri," msimamizi akamwambia. "Au umechoka kazi?"

Alifuta, hazikutoka. Zilikuwa upande wa ndani, na vioo vimebanwa pamoja.

Unaniambia ni mawazo yake? Mawazo hayasogei! Kila zamu, hata kwenye vioo vipya, alama zinahamia kioo cha mbele zaidi. Jana zilikuwa kwenye kioo cha kwanza, mkabala na kisogo chake.

Ukisikia kazi yoyote ya kumfaa Edith mjini, hata ya kufagia, tafadhali niambie leo.