Kamera Isiyojiamulia

Mwisho wa mwezi duka la kamera lilifurika hadi mlangoni, na kati ya watu wote wa mji ule, bibie mpiga picha aligeuka akakumbana ana kwa ana na mwanamume ambaye namba yake alishaifuta kwenye simu. Shati jeupe lililonyooshwa pasi, marashi yale yale, tabasamu lile lile la kujikomba. Moyo ulimruka, akauchukia kwa kuruka.

"Hujambo, kipenzi?"

"Kipenzi wa nani? Nipishe."

Bibie akamweleza muuzaji kuwa anataka kamera ya dijitali ya kujipangia mwenyewe kila kitu, mwanga na kasi, na flashi isiyowaka bila kuamriwa. Akaletewa moja nyeusi, nzito, yenye gurudumu dogo la mipangilio juu, lililo na kufuli. Akalizungusha, akachungulia, akaipima uzito mkononi. Yule bwana, pasipo kuulizwa, akatia neno lake: ile ya pembeni ni nyepesi, tena inajipanga yenyewe.

"Inajipanga yenyewe," bibie akarudia taratibu. "Kama ulivyonipangia yangu?"

Muuzaji akapata kazi ya ghafla kabatini.

Walikuwa wachumba hawa, wapiga picha wote wawili, chanda na pete. Gazeti moja likampa bibie jaribio la kazi: apige picha za mchezo wa kuigiza, ukumbi ukiwa gizani, na flashi marufuku. Mchana kutwa aliipanga kamera yake. Alipomwachia mchumba kamera akaingia kubadili nguo, mchumba akalizungusha gurudumu lake hadi otomatiki, kamera ijiamulie yenyewe, bila kumwambia. Pazia likafunguliwa, bibie akabonyeza, flashi ikamlipukia mwigizaji mkuu usoni hata akasahau maneno yake. Mlinzi alimtoa bibie nje mbele ya kadamnasi, na kazi ikaenda na maji. Tangu siku hiyo simu za yule bwana ziliita mpaka zikachoka. Bibie aliamini ni kijicho tu, maana gazeti lile lile lilishamkataa mwanamume huyo.

"Leo nisikilize," bwana akasema, sauti ikimpungua. "Haukuwa wivu. Naapa."

"Ulikuwa nini?"

"Niliogopa picha zitatoka nyeusi tupu. Mpenzi, pale hata mimi ningeshindwa, sembuse wewe. Nilitaka kukuokoa na aibu. Nirudie. Nitaleta wazee kwenu, tuoane."

Ukweli ni kwamba bibie alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililozidi kumchoma. Msamaha alishauandaa zamani. Alikuwa akingoja tu mtu akiri kosa, ampe. Sasa kosa lilikiriwa, na halikuwa lile alilolisamehe.

"Sembuse mimi," akasema.

"Usinishike maneno, mama."

"Bora ungekuwa wivu. Mwenye wivu ameona mwenzake ana kitu. Wewe umekula na mimi, umefanya kazi na mimi, na hukuona kitu."

Bibie akamwita muuzaji amfungie ile nyeusi, akalipa, akalikumbatia boksi lake kifuani. Machozi yalimshuka kabla hajaufikia mlango, akayaacha yashuke, wala hakugeuka.