Vijiti vya Muhiddin

Umeme ulikatika saa nane mchana, na chipu ikaendelea kuhesabu.

Asila alikuwa kizuka, mjane aliyetawa ndani, siku ya ishirini ya eda. Alisikia ti, ti, kama ukucha wa mtoto kwenye kioo, akapanda ghorofani. Mumewe marehemu, Muhiddin, alikuwa ameiacha chipu hiyo, aliyoiunda mwenyewe, mezani chini ya bilauri iliyopinduliwa: kipande cha silikoni mfano wa punje ya mchele, chenye maelfu ya vijiti vyembamba kuliko unywele, vinavyofanya hesabu kwa kupanda na kushuka, bila kuhitaji umeme. Serikalini kilisajiliwa kama cherehani, maana fomu haikuwa na pahala pengine pa kitu kinachopanda na kushuka.

"Nzito kujibu," Muhiddin alizoea kusema, "lakini haikosei. Adui yake vumbi tu."

"Muhiddin?" akanong'ona. "Tumekaa pamoja miaka mingapi?"

Akangoja mpaka kope zikamuuma. Ikagonga mara saba, sawasawa na miaka yao. Chumba kikanuka mafuta ya nywele ya Muhiddin.

Akaacha kula. Wifi yake Salhiya akamkuta akiichekea bilauri.

"We Asila! Maiti hagongi. Hilo jini."

"Linanijua, wifi."

"Litashindwaje kukujua, nalo limo humu ndani nawe?"

Mganga Makungu, aliyeitwa na Salhiya, alikuja alasiri moja, akakaa nje ya pazia, akasukuma chetezo cha ubani ndani.

"Kizuka hasogelewi, Bi Asila. Funua bilauri mwenyewe, moshi uliingie."

"Swali moja kwanza," Asila akasema, akaiinamia bilauri. "Tumepata watoto wangapi?"

Mji mzima ungejibu hakuna. Lakini Muhiddin ndiye aliyekibeba kile kitoto kisichotimia, kikiwa ndani ya leso, akaenda kukizika Bwejuu bila kumwambia hata mama yake mzazi, na Asila akasikiliza, moshi ukipanda, jasho likimtiririka mgongoni, ubani ukipasuka makaani, na chini ya bilauri kimya, kimya, kimya.

"Si yeye," akasema, akafunua.

Moshi ukaifunika chipu.

Ti.

Mara moja. Basi.

"Limeshatoka!" Makungu akashangilia nje ya pazia. "Alhamdulillahi!"

Salhiya akaingia mbio kumkumbatia wifi yake, akamkuta amepiga magoti, akinong'ona "Mmoja, mmoja," akiipepea chipu kwa upindo wa kanga, akipuliza, akipuliza, na kila pumzi ikizidi kuitia majivu ya chetezo.