Dirisha la Nane

Fundi Milimita aliteremsha madirisha manane ya alumini, akayaegemeza ukutani, kisha akaingia ndani ya nyumba ile kongwe kwa mara ya kwanza. Akahesabu nafasi za madirisha. Saba. Akarudia kwa kidole. Saba zile zile.

Jina la Milimita alijipa mwenyewe, bwana. Alijisifu kwamba akiitazama nyumba toka barabarani, vipimo vinamwingia kichwani vyenyewe. Hapa napo alipimia barabarani, akaenda kukata fremu.

"Fundi, hili la nane la wapi?" aliuliza mama mwenye nyumba, mshonaji, pini mdomoni.

Jasho likamtoka. Kwake yeye, kusema "nimekosea" kulikuwa sawa na kuvua suruali sokoni. Akapita akigonga kuta, mpaka ukuta wa chumba cha binti wa mama huyo ukaitika mtupu. Nje palikuwa na dirisha kuukuu la mbao. Ndani palizibwa kwa tofali na kupigwa lipu.

"La hapa, mama. Mtoto anahitaji hewa."

"Hilo mama mkwe aliliziba kwa mikono yake. Hakusema kwa nini."

"Wazee nao! Niachie mimi."

Akavunja. Ikatoka harufu ya nywele zilizoungua. Akapachika dirisha, akalisifia mwenyewe, akaondoka.

Kesho yake mchana aliitwa mbio. Binti, mtoto wa miaka sita, alikaa kitandani akipanua mdomo, sauti haitoki. Sauti yake ilikuwa kwenye kioo.

"Mama, nifungulie," kioo kilisema taratibu, na kila kiliposema, alama ya kiganja chembamba ilijichora kwa ukungu, vidole vikirefuka.

Mganga, bibi mfupi mwenye kikohozi, alitega sikio ukutani. "Jini hili lilifungiwa," akanong'ona. "Litaondoka kwa kinywa cha aliyelifungulia. Aseme kwa nini alivunja. Asifiche kitu."

Majirani walijaa mlangoni. Nusu yao walikuwa wateja wa Milimita.

"Ukuta ulikuwa na unyevu," alisema Milimita.

Kioo kikacheka kicheko cha mtoto. Midomo ya binti ikageuka rangi.

"Kaka, nakuomba," mshonaji alinong'ona. "Mwanangu anakwisha."

"Basi, nilitaka hewa iingie..."

Hapo vile vidole vya ukungu vikavuka fremu, vikatambaa juu ya lipu mbichi, vikashuka hadi kwenye mto, na harufu ile ikajaa chumba kizima huku mtoto akilegea mikononi mwa mama yake na majirani wakirudi nyuma wakikanyagana, mpaka fundi akapiga magoti, uso kaufunika kwa kofia.

"Sikuingia kupima! Nilihesabia barabarani! Nikaona haya kurudi na dirisha moja, nikavunja ukuta wa watu!"

"He! Milimita gani huyo?" sauti ikatoka mlangoni, na mtu akacheka. Kile kicheko kilimchoma kuliko jini.

Kioo kikapasuka toka juu hadi chini. Ukungu ukanywea. Binti akakohoa, akalia kwa sauti yake mwenyewe.

Fundi aliziba ukuta jioni ile ile, tofali kwa tofali. Alipokuwa akiosha mwiko, akamsikia binti:

"Mama, asirudi tena."

"Limeshaondoka, mwanangu. Lala."

Mtoto akatikisa kichwa, akamnyooshea fundi kidole.