Mkasi wa Mwalimu Oktavia

Ndugu zangu, mwaka 1956 hapa Njombe hapakuwa na nyumba iliyochangamka kama ya Mwalimu Oktavia. Cherehani nne zilinguruma barazani, wasichana aliowafundisha wakishona na kuimba nyimbo za kanisani. Wake za maofisa wa Kizungu walikuja wenyewe kupimwa magauni. Ufundi aliupata kwa masista wa misheni ya Uwemba, nao hawakumficha kitu.

Lakini yeye! Saa ya kukata kitambaa ikifika, alijifungia chumbani. Violezo vya kukatia alivichora kwenye magazeti, na gauni likiisha alivitia motoni. Tabea, msichana wa Mlangali, alikaa miaka sita akikunja pindo na kushona vifungo. Hata Letisia, binti yake wa kumzaa, hakuruhusiwa kuingia.

"Mwalimu, lini nitashika mkasi?" Tabea aliuliza.

"Ili kesho ufungue duka Makambako uninyang'anye wateja? Shona vifungo, mwanangu."

Sisi majirani tulicheka. Mimi pia nilicheka, tukamwita mjanja.

Letisia alipochumbiwa na Marcelino wa Makambako, mama yake aliapa kumshonea gauni ambalo hata mke wa bwana shauri, yule ofisa Mzungu wa wilaya, angelionea wivu. Satini iliagizwa Dar es Salaam, ikachukua miezi miwili kufika. Siku tisa kabla ya harusi, kabla hajaikata, Oktavia alianguka. Upande wa kulia ulipooza, na ulimi ukakataa kusema.

Letisia akamshikisha penseli mkono wa kushoto. "Mama, chora tu. Tabea atakata."

Mistari ilipinda ovyo. Tabea akakata kwa kubahatisha, huku analia. Gauni likabana kifuani, mgongoni halikufungika, na satini ikawa imekwisha.

"Miaka sita, Mwalimu," Tabea alisema, akauweka mkasi kitandani. Kesho yake akarudi kwao Mlangali.

Letisia aliolewa akiwa amevaa gauni la kuazima, refu mno, akilishikilia kwa mikono miwili asijikwae. Mama yake alibaki kitandani akipapasa vipande vya satini. Mpaka anazikwa, hakuna aliyezigusa tena zile cherehani.

Funzo

Masista walimpa Oktavia ufundi wote, yeye akaufungia chumbani, na aliyeumia zaidi ni mwanawe. Nasi tuliocheka tuna lawama yetu. Wewe fundi unayewatoa wanafunzi nje kazi ngumu ikianza, fungua mlango leo, mkono wako ungali mzima.